Filamu za kutisha zisipimwe kwa uaminifu pekee

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya wasomaji nichangie mjadala usiokwisha baina ya wapenzi wa vitabu na wapenzi wa sinema hapa Visiwani, kama filamu zinazotokana na riwaya za kutisha huzifikia riwaya zenyewe. Wasomaji wengi wana jibu lao tayari: hazizifikii hata kidogo, kwa kuwa mwongozaji hukata sura nzima, hubadilisha mwisho na kuwatupa wahusika waliopendwa. Nami ni msomaji, lakini kipimo hicho sikikubali.

Filamu inayotajwa zaidi katika ugomvi huu ni The Shining, aliyoiongoza Stanley Kubrick mwaka 1980 kutokana na riwaya ya Stephen King ya mwaka 1977, juu ya baba anayehamia na mkewe na mwanawe kulinda hoteli tupu wakati wa baridi. King hakuificha karaha yake. Alilalamika kwamba mhusika mkuu, Jack Torrance, anaonekana ameshaharibikiwa na akili tangu anapotokea, ilhali kitabuni ni baba anayempenda mwanawe, anayepigana na ulevi wake na kuporomoka kidogo kidogo huku msomaji akimtazama. Lalamiko hilo ni la haki. Riwaya inatuingiza nafsini mwa Jack, tunamsikia anavyojitetea na kujidanganya, hata siku anapomshambulia mkewe kwa nyundo tunatishika maradufu kwa sababu tulishaanza kumwonea huruma. Mwisho wake nao ni wa uchungu: baba anapata dakika chache za fahamu, anamwambia mtoto akimbie, kisha hoteli inaripuka kwa boila lililosahauliwa bila ya kupunguzwa mvuke. Kubrick aliyafuta yote hayo. Jack wake anaganda kwa baridi ndani ya bustani ya vichochoro, na hoteli inabaki imesimama.

Mwaka 1997 King aliamua kuiandikia riwaya yake mchezo wa televisheni wa sehemu tatu, na humo akayarejesha yaliyotolewa: ulevi, boila, na wale wanyama waliokatwa kutokana na miti ya bustani, ambao kitabuni husogea pale tu mtu anapogeuza uso. Kwa uaminifu, nani angemshinda mtunzi mwenyewe? Hata hivyo, wanyama hao walipotengenezwa kwa kompyuta na kutembezwa mbele ya kamera, walichekesha zaidi ya kutisha, kwani hofu yao yote ilikuwa katika kule kutoonekana wakitembea. Kubrick hakuwaweka kabisa. Badala yake alimfuata mtoto kwa nyuma akiendesha kibaiskeli katika korido tupu za hoteli, magurudumu yakinguruma juu ya ubao, yakinyamaza juu ya zulia, kisha yakinguruma tena, na mtazamaji akishindwa kupumua kila kona inapokaribia. Hofu ya namna hiyo haimo kitabuni, na sidhani kama kalamu ingeweza kuifanya.

Kwa hiyo ninachouliza mimi ni kitu kingine: riwaya imeiegemeza hofu yake wapi, na filamu imeitafutia pahala gani pengine pa kukaa? Rosemary's Baby ya mwaka 1968 inaifuata riwaya ya Ira Levin karibu neno kwa neno, lakini inapofika mwisho, pale ambapo Levin anaueleza mwili wa mtoto mchanga wa shetani, kamera inakaa kwenye uso wa mama na kitandani haituoneshi kitu. Huo ni uaminifu wa mtu aliyejua wapi asimame. Kwenye Frankenstein, lakini, nasimama na wasomaji wenzangu. Kiumbe wa Mary Shelley, katika riwaya ya mwaka 1818, anajifunza kusoma, anasema kwa ufasaha na kumdai aliyemuumba ampatie mwenza, na kinachotutisha ni kwamba madai yake yana haki ndani yake. Filamu ya mwaka 1931 ilimnyang'anya ulimi, ikatuachia sura.

(Niongeze kwamba sisi tuliozijua filamu hizi katika vibanda vya video, kuna mtu akizungumza juu ya picha ili kutufasiria, tulipata nusu tu ya kazi ya waongozaji hawa, kwani maneno yalijazwa hasa pale palipotakiwa ukimya.)

Nayasema haya kwa sababu nasi tumeanza. Riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute, imeshakuwa filamu mikononi mwa Amil Shivji mwaka 2021, na naamini kwamba nyengine zitafuata. Ningepewa kuchagua, ningeitaja Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyotoka mwaka 1960. Najua kwamba ni riwaya ya upelelezi, si ya kutisha kwa jina, lakini maiti inakutwa kwenye mzimu, yaani pahala pa matambiko, na hofu ya pahala hapo inawafunga watu macho hadi mpelelezi Bwana Msa, na kiko chake mkononi, anapoonesha kwamba uovu ni wa wanaadamu walio hai. Mwongozaji mwenye pupa atatamani kutuonesha pepo mwenye meno tangu dakika ya kumi. Akifanya hivyo atakuwa ameibomoa riwaya nzima, kwa sababu Bwana Msa hatakuwa tena na la kufumbua.

Wazee waliotuhadithia habari za Giningi, mji wa wachawi, hawakutuchorea picha ya mchawi hata mmoja, na bado tulikataa kutoka nje kwenda chooni. Ombi langu kwa waongozaji wanaopeleka kazi zao Ngome Kongwe, mjini Unguja, wakati wa tamasha la filamu ni kwamba, watakapoigusa riwaya hiyo au nyengine ya aina yake, fedha ya vinyago na rangi za damu waihamishie kwa fundi wa sauti.

Msomaji wako,
Wete, Pemba