Kasuku amenikumbuka, mdogo wangu hanisemeshi

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia alfajiri, sijapata hata lepe la usingizi. Chumba cha pili mdogo wangu naye yuko macho, namsikia anavyojigeuza kitandani. Hatusemeshani tangu Jumapili na chanzo ni kasuku. Najua wanakuandikia watu ambao ndoa zao zinavunjika, lakini nakuomba usiipite barua yangu.

Kasuku huyu nilipewa na marehemu baba nikiwa darasa la tano. Ni wale wa kijivu wenye mkia mwekundu, wanaoweza kuishi miaka 40 na kuendelea. Alikuja kinda, manyoya bado hayajamkaa. Aliyemlisha uji kwa kijiko ni mimi. Aliyemfundisha mluzi ni mimi: naanza, yeye anamalizia. Mdogo wangu siku hizo alikuwa akipita mbali na tundu kwa woga. Hayo hata yeye habishi.

Kisha nikaondoka kwenda kutafuta maisha. Sikutoroka mtu. Ada ya mdogo wangu nani alilipa? Dawa za mama nani alituma pesa mpaka mwisho? Mtu hawezi kuwa mahali pawili. Na kasuku huwezi kumtia kwenye begi ukapanda naye ndege. Tangu 2017 wamewekwa kwenye orodha ya juu kabisa ya ulinzi ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kumvusha mpaka ni mambo ya vibali, na mimi wakati huo hata karatasi zangu mwenyewe zilikuwa hazijakaa sawa.

Basi nimerudi likizo. Niliamini amenisahau zamani. Nikatua mizigo mlangoni, nikapiga mluzi ule nusu. Kimya. Nikaanza kuvua viatu, mara nikasikia anamalizia, sauti ile ile, na pale mwisho anakosea vile vile kama nilivyokosea mimi nikimfundisha. Akashuka kwa kujishika na mdomo mpaka kwenye mlango wa tundu, akainamisha kichwa, manyoya ya shingo yamesimama anataka kukunwa. Mboni za macho zinabana na kufunguka, kama wanavyofanya wakisisimka. Nililia, Shangazi. Nani asingelia?

Mdogo wangu akaja kumchukua mkononi mwangu, maana jioni huwa anatembea naye. Kasuku akamng'ata kidole mpaka damu. Hajawahi kumng'ata, ndivyo anavyosema. Sasa mimi nilimtuma? Watu waliokuja kunipokea wakacheka. Mimi kama nilitabasamu, nilitabasamu kwa furaha ya kukumbukwa. Hapo ndipo aliposema, mbele ya watu wote: "Mgeni haondoki na vitu vya nyumba."

Mgeni. Nyumba niliyozaliwa. Bati la pale sebuleni ni jasho langu.

Tangu hapo ni vita ya kimya. Anafunika tundu kwa shuka mapema ili nisikae naye. Nami naamka kabla yake nikampe matunda, kwa sababu anamlisha mbegu za alizeti tupu, mafuta tu, na ndege huyu anahitaji mboga na matunda. Nilipomwambia kwa upole akanijibu, "Kumbe ulijua kulea, basi ungekuja umlee na mama." Kifuani kasuku ana upara, anajinyonyoa, jambo linalowapata sana wakiwa wapweke au wakipata msukosuko. Yeye anasema alianza kujinyonyoa nilipoondoka. Mimi nasema haiwezekani, itakuwa ameanza mama alipofariki. Tumebishana juu ya hilo mpaka jirani akagonga ukuta. Nilimweleza pia habari za Alex, kasuku wa aina hii hii aliyefunzwa na Irene Pepperberg kule Marekani akajua maneno zaidi ya 100 na kutambua rangi na maumbo, ili aelewe kwamba ndege hawa wana akili, hawamchagui mtu ovyo. Akasema sawa, mgeni amekuja na shule. Tena lile neno!

Lakini hilo bado ningelimeza. Kinachonikosesha usingizi ni sauti.

Siku ya pili yake, jioni, nimekaa peke yangu, kasuku akaigiza mlio wa simu. Halafu ikaja sauti ya mama. Mama mwenyewe, na kile kikohozi chake kidogo kabla ya kusema. "Eeh. Umekula?" Kimya kidogo. "Haya. Hakuna baridi huko?" Kimya. "Lini sasa?" Kile kimya katikati, Shangazi, ni pale nilipokuwa najibu mimi. Anarudia simu zetu, upande wa mama tu.

Mdogo wangu huwa anakaa hapo kila jioni kusikiliza. Namwelewa, ni mama yake pia. Yeye ndiye aliyemwogesha na kumgeuza kitandani, sikatai, na nimemshukuru mara nyingi kwenye simu. Ila maneno yale mama alikuwa ananiambia mimi. Sasa inakuwaje niitwe mgeni kwenye maneno yangu mwenyewe?

Sitaki kumchukua kasuku. Naapa. Najua ndege wa umri ule ukimhamisha anaweza kuacha hata kula. Nimeulizia vibali, ndiyo, na nimeulizia bei ya tundu la safari, lakini kuulizia si kosa, mtu anajiandaa tu. Nikimwacha nitakuwa nimemwacha tena, na huku atabaki anauliza "lini sasa" na wa kumjibu sipo. Nikimchukua, mdogo wangu atabaki na nyumba isiyo na sauti. Kuna saa namwonea huruma. Kuna saa nakumbuka lile neno mbele za watu, natamani niondoke naye hata usiku huu.

Na kuna jambo nataka kumuuliza, siwezi kwa sababu hanisemeshi. Kasuku hushika anachokisikia mara nyingi, na huyu ameshika mpaka "lini sasa", halafu basi. Mama akishakata simu alikuwa anasema nini? Alikuwa ananilalamikia? Anayejua ni mdogo wangu peke yake. Pengine ndiyo sababu ana uchungu nami hivi, pengine alikuwa anasikia mambo ambayo mimi sikuambiwa. Au ni wivu tu wa kung'atwa kidole, sijui.

Mjomba anakuja Jumamosi kuamua. Wote wanatarajia niseme mbele yake kama namtaka kasuku au simtaki. Mdogo wangu ameshawaambia kwamba atakuwepo na daftari la gharama zote za chakula na daktari wa mifugo, kana kwamba mimi sina stakabadhi zangu za kutuma pesa. Ninazo, zote.

Shangazi, nimwambie nini mjomba? Na lile swali la mama, nimuulize mdogo wangu kabla ya Jumamosi au ninyamaze nalo? Nijibu mapema, likizo yangu inaisha wiki ijayo.

Ni mimi mwenye kasuku