Wenye historia ya saratani ya matiti katika ukoo watengewe kliniki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie wanawake ambao hawaumwi, lakini wana sababu ya kufuatiliwa na daktari bingwa kabla hawajaumwa.

Oktoba iliyopita nilipanga foleni tangu saa moja asubuhi kwenye uchunguzi wa bure wa saratani ya matiti. Muuguzi, ambaye alinipokea kwa upole na wala simlaumu, aliniuliza kama mama au dada yangu amewahi kuugua. Nikajibu hapana. Alinipapasa, akaandika katika daftari langu: "Hana uvimbe. Arudi akiona dalili." Hakuuliza habari za shangazi, nami nikadhani za kuumeni hazihesabiwi. Kumbe dada wawili wa baba yangu walifariki kwa ugonjwa huo, mdogo akiwa amegundulika akiwa na miaka 43, na mama yao tunaambiwa aliondoka kwa "jipu la ziwa" lisilopona, maana ndivyo wazee wetu walivyousitiri ugonjwa huu.

Hitilafu katika jeni (chembe za urithi) ziitwazo BRCA1 na BRCA2, ambazo wanasayansi walizitambua mwaka 1994 na 1995, hurithiwa kwa baba sawasawa na kwa mama. Mwanamume anaweza kuwa nayo asiugue kamwe, na kila mtoto wake, wa kike au wa kiume, akawa na uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi. Kati ya wanawake 100 wenye hitilafu hiyo, zaidi ya 60 hupata saratani ya matiti katika maisha yao. Ni kweli kwamba wagonjwa walio wengi hawana historia yoyote katika ukoo, kwa hiyo siombi kampeni za Oktoba zipunguzwe. Nasema tu kwamba kumpapasa mtu mara moja kwa mwaka hakumtoshi mwenye hatari kubwa.

Kliniki ninayoiombea haianzi na mashine. Inaanza na mtaalamu aliyefunzwa kuuliza habari za ukoo pande zote mbili, nani aliugua, akiwa na umri gani, kama kuna aliyepata saratani ya ovari, hata kama kuna mwanamume aliyeugua titi, kisha akamwandikia mhusika tarehe ya kurudi. Wengi watatulizwa na kurudi nyumbani. Wachache watahitaji mamografia, yaani picha ya eksirei ya matiti, ya kila mwaka, na walio katika hatari kubwa zaidi waongezewe MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku, kwa sababu titi la mwanamke kijana lina nyama iliyoshikana zaidi na mamografia huweza kukosa uvimbe uliojificha ndani yake. Wapo pia watakaoelezwa kuhusu dawa ya kinga kama tamoksifeni, uamuzi ambao hauwezi kufanyika kwenye foleni ya watu mia mbili.

Wizara ya Afya ingeweza kuanza na siku moja ya juma katika hospitali za rufaa za mikoa, wanaohitaji vipimo zaidi wakapewa rufaa kwenda hospitali za kanda au Taasisi ya Saratani Ocean Road.

Madaktari wengi hushauri uchunguzi wa picha uanze miaka kumi kabla ya umri ambao ndugu wa karibu aligundulika. Kwa hesabu ya shangazi yangu, ningeanza nikiwa na miaka 33. Sasa nina 36, na daftari langu bado halina tarehe ya kurudi.

Msomaji wako,
Tanga