Bibi hakusema chakula kimechacha

Kisauni, Mombasa

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Huku hatujambo sote. Mamako mafua yamemwacha, ameanza tena kukaanga mahamri ya alfajiri, na jirani wamerudi kugonga mlango kama kawaida yao.

Ile sauti uliyotutumia Jumapili nimeisikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilisikia kilio tu. Mara ya pili ndipo nikaelewa yaliyotokea wodini, huko Uingereza unakofanya uuguzi: yule bibi wa kitanda cha dirishani alikwambia "I've gone off my food", nawe ukaenda kuuliza jikoni ni chakula gani kilichochacha, kwa sababu unajua kwamba maziwa yaki-"go off" yameharibika. Mkuu wa zamu akakusahihisha mbele ya wenzako. Bibi hakulalamikia chakula. Hana hamu ya kula, siku ya tatu sasa, na jambo hilo lilitakiwa liandikwe kwenye faili lake. Ukasema, "Baba, miaka kumi na miwili nimesoma kwa Kiingereza, nikapata A, na leo nimeshindwa na maneno matano ya mwanamke mgonjwa."

Nimeona nisikujibu kwa simu. Haya ni mambo ya kusoma polepole, ukayarudia ukiwa kwenye basi la kwenda kazini.

Kwanza, uliyoyasoma hayakuwa ya uongo, ila yalikuwa nusu. Shule ilikufundisha "postpone", "tolerate", "extinguish", "investigate". Ni Kiingereza cha makaratasi. Mtu aliyelala kitandani na maumivu hazungumzi hivyo. Atasema "put off" akiahirisha, "put up with" akivumilia, "put out" akizima, "look into" akichunguza. Tazama hapo: "put" ni ile ile, neno ambalo mtoto wa darasa la kwanza analijua, na kila likibadilishiwa mkia, yaani lile neno dogo linalolifuata, linakwenda safari nyingine. Vitenzi hivi walimu wenu waliviita "phrasal verbs", wakawapa ukurasa mmoja wa kukariri kabla ya mtihani. Mimi naviita vitenzi vyenye mkia, na mkia huo ndio usukani. Ukitazama ukubwa wa jahazi ukausahau usukani, hutajua linaelekea wapi.

Najua ninachokisema kwa sababu kidogo kiniue. Nilikuwa kijana, meli yangu ya kwanza, nimewekwa tezi, nyuma ya meli, penye kamba wakati tunaondoka gatini bandari ya ugenini. Serahangi, mkubwa wa mabaharia, akapaza sauti: "Stand by!" Nilijua "stand" ni simama, na "by" ni kando. Nikasimama kando, mikono nyuma, nikiamini nimetii amri. Kumbe ameniambia nikae tayari, kamba mkononi. Amri ya pili ikaja, "Let go!", yaani achia, na kamba bado imezungushwa kwenye chuma chake. Meli ikasogea, kamba ikakaza mpaka ikaanza kulia. Mwanangu, kamba ya meli ikikatika hupita sitahani kama panga. Mzee mmoja wa Kihindi alinisukuma, akailegeza yeye mwenyewe. Usiku ule sikulala. Nilijua maneno yote mawili ya amri ile, na ujuzi wangu ndio ulionidanganya.

Miaka mingi baadaye, mwaka 2001, Shirika la Kimataifa la Bahari lilipitisha misemo sanifu ya Kiingereza cha melini, ili Mfilipino, Mgiriki na Mswahili wakiwa kwenye meli moja waelewane bila kubahatisha. "Stand by" na "let go" zimo, kila moja na maana yake. Wodi haina orodha kama hiyo. Mgonjwa anasema kama alivyosema mamake.

Na hapo ulipo, Leeds, kaskazini mwa Uingereza, vijineno hivi viko kwao hasa. Mji wa York hauko mbali nawe. Ukipata siku ya mapumziko nenda ukauone. Mwaka 866 mabaharia wa Denmaki waliuteka mji ule, wakakaa, wakaoa, wakachanganya lugha yao na ya wenyeji. "Take" na "get" ni maneno yaliyofika kwa majahazi yao. Halafu mwaka 1066 wakaja Wanormani kutoka Ufaransa na lugha ya mahakama na ya mabwana. Tangu hapo Kiingereza kina nguo mbili: ya nyumbani na ya kutokea. "Find out" ni ya nyumbani, "discover" ya kutokea, na zote ni kugundua. Sisi watu wa pwani hatuna haja ya kufafanuliwa hilo. Msiba ukitangazwa tunasema marehemu amefariki, neno lililovuka bahari kutoka Uarabuni. Lakini mama aliyefiwa, akilia mkekani, anasema mwanangu amekufa.

Wala usidhani wewe ni mjinga kuliko wageni waliokutangulia. Samuel Johnson, aliyetunga kamusi kubwa ya Kiingereza ya mwaka 1755, aliandika mwenyewe katika dibaji kwamba vitenzi vya namna hii ndivyo vinavyowapa wageni taabu kubwa kuliko vyote. Zaidi ya miaka 250 imepita, na mabinti wa Mombasa wanaendelea kulia kwa sababu yake.

Sasa fikiria na lugha yako. Mgeni amefundishwa kwamba "piga" ni kuchapa. Ataelewaje tukimwambia kupiga pasi, kupiga mswaki, kupiga magoti, kupiga deki? Amejua "kata" ni kazi ya kisu, halafu anasikia mtu amekata tiketi, amekata rufaa, amekata kiu, amekata shauri. Wao wanasema "give up" bila kumpa mtu kitu, na sisi tunakata tamaa bila kisu. Nyanyako alipokata roho hukuuliza ilikatwa na nini. Uliyajua haya kwa kuyasikia mahali pake, kwa watu wake, na hakuna aliyekuandikia orodha.

Na mkia pia tunao, ila wetu umeshonwa ndani ya neno. Funga, fungua. Pakia, pakua. Anika, anua. Kwa "put on" sisi tuna vaa, kwa "take off" tuna vua, irabu moja tu imegeuka. Wao wanautundika mkia nje, unaning'inia, na mara nyingine unatangatanga mbali na kitenzi chake. Ndiyo maana sikio letu huudharau. Tumezoea kwamba neno likishafika mwisho limemaliza habari yake.

Nikushike mkono kwenye mkia mmoja, huu uliokuliza: "off". Mimi huusikia kama kubanduka, kitu kuachana na kitu kilichokuwa kimegusana nacho. Bandeji iki-"come off", imebanduka. Ganzi iki-"wear off", imemwachia mtu mwili wake, na maumivu yanakuja, jiandae. Daktari aki-"call off" upasuaji, ameughairi. Bibi wako ame-"go off" chakula: yeye na chakula wameachana. Ukiliona hivyo, hata maziwa yaliyo-"go off" yanaeleweka, yameachana na uzima wake.

Lakini usitulie. Taa iki-"go off", imezimika. Kengele ya hatari iki-"go off", imeanza kulia. Maneno ni yale yale, habari zimepingana kabisa. Muuguzi mwenzako akikupigia kelele kwamba mashine ya kitanda cha sita ime-"gone off", usidhani imenyamaza. Kimbia. Hilo moja lishike leo hii, yaliyobaki utayapata taratibu.

"Up" nayo, wanafunzi hudhani ni juu tu. Mara nyingi kwao ni kumaliza, kufikisha mwisho: "eat up", "drink up", "use up". Ukimwambia mzee "drink up", humwambii anyanyue kikombe, unamwambia asibakishe. Sisi tuna "mbali" inayofanya kazi kama hiyo. Kutupa ni kutupa. Kutupilia mbali ni kutupa na habari ikaisha.

Kuna mikia ambayo ukiikosea utaumiza watu. "Pass out" ni kuzimia. "Pass away" ni kufariki. Siku moja utampigia simu mtoto wa mgonjwa, yuko kazini kwake, na utamwambia mojawapo ya haya mawili. Kabla hujainua simu, liseme neno lako peke yako, kwa sauti, mara mbili. Na "bring up": mama aliye-"bring up" watoto watano amewalea, mama aliye-"bring up" damu ameitapika. Hapo mkia haukusaidii, tazama kinachofuata. Mtu aliyepigwa dawa ya usingizi aki-"come round", amezinduka. Jirani aki-"come round", amekuja kukujulia hali. Mzee akisema ame-"put his back out", ametegua mgongo. Ona lugha yetu ilivyokuwa tayari na maneno mawili mazuri kwa maneno yao manne.

Kuhusu mpangilio, hili lilinisumbua mimi kuliko maana. Kuna vitenzi vinavyofungua mlango katikati. Unaweza kumwambia mgonjwa "take off your shirt" au "take your shirt off", yote sawa. Lakini shati likishatajwa na ukatumia "it", lazima iingie ndani: "take it off". Hakuna anayesema "take off it". Vingine vimefunga mlango: "look after him", basi, huyo "him" hapiti katikati abadani. Utavitofautishaje? Tega sikio. Katika "take it off", sauti hupiga kwenye "off". Katika "look after him" na "look for it", mkia hautiliwi mkazo kama ule. Huo si mwongozo wa kila mahali, lakini mimi umenivusha mara nyingi, na sikio lako ni zuri, tangu madrasa ulikuwa unashika kisomo kabla ya wenzako.

Yale yetu ya Kenya usiyaonee haya, ila ujue ni yetu. Sisi tunasema "pick my call", wao watatia "up". Sisi tunasema "cope up with", wao hawaitaki hiyo "up" kabisa. Ukiwa na Wakenya wenzako sema unavyopenda. Ukiwa kwenye makabidhiano ya zamu, fuata yao, kwa sababu hapo kuna roho ya mtu.

Sasa jambo ninalotaka ulifanye, na hili nakuomba kama babako. Melini, nahodha akimwambia mshika usukani "Port ten", yaani usukani kushoto digrii kumi, mshika usukani hafanyi kimyakimya. Hujibu kwa sauti, "Port ten", ndipo anazungusha. Hurudisha amri kwa mwenyewe, ili kama imesikika vibaya irekebishwe kabla meli haijapanda mwamba. Nahodha hamwoni mjinga. Asiyerudisha amri ndiye anayetiliwa shaka. Fanya hivyo na wagonjwa wako. Bibi akisema "I've gone off my food", inama, umwambie kwa maneno yako rahisi kwamba umesikia hajisikii kula, na umwulize kama ndivyo. Akisema ndiyo, andika. Akisema siyo, atakueleza tena, na atafurahi kwamba kuna mtu amemsikiliza mara mbili. Kwa umri wake, sidhani wako wengi wanaomsikiliza hata mara moja.

Nunua daftari dogo la kuingia mfukoni. Usiandike "put" halafu mikia kumi na miwili chini yake. Nilijaribu hivyo, ikawa mchanga kwenye viganja. Andika neno pamoja na mtu na mahali: bwana wa kitanda cha nne, usiku, ali-"nod off" redio ikisema, yaani alisinzia. Neno lililokuja na uso wa mtu halipotei. Mimi mpaka leo nikisikia "stand by" namwona yule mzee wa Kihindi, na harufu ya kamba mbichi.

Usimchukie mkuu wako wa zamu. Alikosea kukusemea mbele ya watu, na ningependa angekuita pembeni. Lakini alimtetea bibi asiyekula siku tatu, na hapo mimi niko upande wake.

Mamako anauliza kama lile koti linatosha baridi ya huko au tukutumie fulana nyingine za ndani. Anasema pia umwite bibi yule kwa jina lake kila unapompelekea sahani, ukae naye kidogo, usiiweke ukaondoka. Tuandikie ukipata nafasi. Na utuambie bibi amekula nini.

Babako