Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Ndugu wanachama wa chama chetu cha waandishi wa habari,

Nawashukuru mliofika. Tumehesabiwa 26 kati ya 84. Akidi haikutimia, ila katiba yetu inaruhusu waliopo kuendelea baada ya kusubiri saa moja. Tumesubiri mbili.

Shughuli za mwaka mnazijua, sitawachosha. Tulifanya semina ya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, tukatembelea Daraja la Kigongo–Busisi kabla halijafunguliwa mwezi Juni, tukawafariji wenzetu waliofiwa. Tangu timu yetu ya soka ya Mwanza, Pamba Jiji, irudi Ligi Kuu msimu wa 2024/25, baada ya miaka 23, vijana wetu wa michezo hawakauki Uwanja wa Kirumba, na wa biashara wana daraja na reli ya kuandika. Jiji linakua, kazi ipo.

Sasa nije kwenye suala la udhamini wa bonanza letu la michezo la Nyamagana, ambalo baadhi yenu mmesaini barua ya kunipinga, maana najua ndilo lililowaleta wengi wenu.

Ni kweli nilisaini mkataba wa udhamini na kampuni ya kubashiri matokeo. Shilingi 6,000,000. Ni kweli pia katiba inataka Kamati Tendaji iidhinishe chochote kinachozidi 2,000,000. Lakini kamati niliiita mara mbili. Mara ya kwanza tulikuja watatu kati ya tisa. Mara ya pili wanne, na mmoja akaondoka katikati kuwahi mechi. Mdhamini alitaka jibu Ijumaa saa kumi jioni. Ningemwambia asubiri ligi iishe?

Imeandikwa kwenye kundi letu la WhatsApp kwamba mwenyekiti ameuza kalamu. Neno hilo limeniuma. Mkataba haumlazimishi mwandishi yeyote kuisifia kampuni. Kifungu cha 7 kinasema tutaitaja "pale inapofaa", na anayeamua panapofaa ni sisi wenyewe. Wanaosema hatutaweza tena kuandika habari za vijana wanaoliwa mitaji yao na mikeka ya kubashiri, waandike kesho, sitamzuia mtu.

Kuhusu jezi za bonanza: ndiyo, zilichapishwa na shemeji yangu. Jezi 90 kwa 1,980,000. Tulipata bei tatu, yake ilikuwa ya chini kabisa, na mweka hazina anazo karatasi zote. Ningekuwa na nia mbaya ningemficha shemeji, nisingemleta uwanjani mkapiga naye picha. Na niseme tu, wakosoaji wakubwa wa udhamini huo walivaa jezi hizo mpaka kwenye fainali, na wali waliula.

Kama si mimi kuhangaika, bonanza lisingekuwepo. Ada ni 36,000 kwa mwaka, elfu tatu kwa mwezi, pungufu ya vocha zenu. Waliolipa ni 31, yaani 1,116,000. Wasiolipa ni 53, tunawadai 1,908,000. Chama cha kujitegemea mnachokidai mtandaoni kinajengwa kwa ada, na miongoni mwa waliosaini barua ya kunipinga, waliolipa ni wawili.

Mwakani tunatarajia kupata ofisi, Mungu akijalia, na kuangalia namna ya kujipanga na AFCON 2027 itakayochezwa hapa Afrika Mashariki. Uchaguzi utafanyika muda wake ukifika.

Mweka hazina amekaa pale mlangoni na kitabu cha stakabadhi. Anapokea hata kwa simu.

Mwenyekiti