Vitabu vya waasisi wa Marekani visitenganishwe na vya wahamiaji

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji nizungumzie jambo linalowahusu walimu wa historia, wachapishaji na wasimamizi wa maktaba, hasa mwaka huu wa 2026 ambapo Tamko la Uhuru wa Marekani la Julai 4, 1776 linatimiza miaka 250. Vitabu vingi vinavyotufikia hapa Dodoma kuhusu nchi hiyo vimegawanyika makundi mawili yasiyosalimiana: vile vinavyosimulia waasisi, vita dhidi ya Uingereza na kuandikwa kwa Katiba, na vile vinavyosimulia wahamiaji, ambavyo kwa kawaida huanzia kwenye meli za karne ya 19 zilizotia nanga New York. Kijana anayesoma kundi la kwanza peke yake humaliza akiamini kwamba taifa liliundwa kwanza, ndipo wageni wakaja kupiga hodi.

Nyaraka zenyewe zinasema vingine. Miongoni mwa malalamiko yaliyoorodheshwa katika Tamko lile dhidi ya Mfalme George wa Tatu, limo lalamiko kwamba alikwamisha sheria za kuwapa wageni uraia na akakataa kupitisha nyingine za kuwavutia watu kuhamia huko. Kati ya watu 56 waliotia saini, wanane walikuwa wamezaliwa ng'ambo ya Atlantiki. Thomas Paine, ambaye kijitabu chake cha Januari 1776 kiliwasukuma wengi kuudai uhuru waziwazi, alikuwa ameshuka melini kutoka Uingereza mwishoni mwa 1774. Alexander Hamilton, Waziri wa Fedha wa kwanza, alizaliwa katika kisiwa cha Nevis, huko Karibi.

Kisa ambacho ningependa kila mwalimu akifundishe kwa kina, hata kama itamlazimu kupunguza habari za mapigano, ni cha Albert Gallatin. Alitoka Geneva mwaka 1780 akiwa kijana, akalowea Pennsylvania, na mwaka 1793 akachaguliwa kuingia Seneti. Wapinzani wake wakadai kwamba hajatimiza miaka tisa ya uraia inayotakiwa na Katiba, na Februari 1794 Seneti ikapiga kura 14 kwa 12 kumwondoa. Hakukata tamaa: alirudi kupitia Baraza la Wawakilishi, na kuanzia 1801 hadi 1814 alikuwa Waziri wa Fedha. Katika maisha ya mtu huyu mmoja mwanafunzi anaiona Katiba ikifanya kazi, anauona ubishi wa vyama, na analikuta swali la lini mgeni anahesabiwa kuwa mwenyeji.

Ubishi huo uliendelea kwenye sheria. Ile ya 1790 ilimtaka mwombaji wa uraia awe amekaa nchini miaka miwili tu, lakini awe mzungu na mtu huru. Mwaka 1795 muda ukawa miaka mitano, mwaka 1798 ukarukia 14, kisha mwaka 1802 ukarudishwa kuwa mitano. Sharti la rangi ndilo lililodumu, na mzaliwa wa Afrika hakuruhusiwa kuomba uraia kwa njia hiyo hadi mwaka 1870.

Hapo ndipo nina ugomvi na baadhi ya waandishi wa vitabu vya wahamiaji. Siafiki kumweka mtu aliyetiwa minyororo katika sura moja na aliyejilipia nauli au aliyefunga mkataba wa kutumika miaka kadhaa ili alipiwe. Sensa ya 1790 ilihesabu karibu watumwa 700,000 katika watu wasiofika milioni nne, na habari zao zinastahili sura yake. Sauti zao zipo: Phillis Wheatley, aliyechukuliwa Afrika Magharibi akiwa mtoto na kuuzwa Boston mwaka 1761, alichapisha mashairi yake mwaka 1773, na Olaudah Equiano akachapisha simulizi ya maisha yake mwaka 1789. Vitabu vyote viwili vilitolewa London.

Mambo haya si ya mbali nasi. Nchi yetu iliwapa uraia zaidi ya wakimbizi 160,000 waliotoka Burundi mwaka 1972, wengi wao wakiwa wenyeji wa Ulyankulu, Katumba na Mishamo kwa miongo kadhaa, na suala la uraia pacha limezungumzwa bungeni hapa Dodoma mara nyingi. Kijana atakayekuja kuujadili uraia wetu atafaidika akijua wengine walivyoubishania walipokuwa wakianza.

Ombi langu kwa wachapishaji ni kitabu kimoja cha Kiswahili, cha bei ambayo shule ya kata inaimudu, chenye Tamko la Uhuru, Katiba ya 1787, sheria ya uraia ya 1790, na sehemu za maandishi ya Wheatley na Equiano, pamoja na maelezo mafupi ya mwalimu. Mwalimu Nyerere aliitafsiri Julius Caesar ya Shakespeare akiwa na nchi changa mikononi, kwa hiyo lugha haiwezi kuwa kisingizio. Maktaba za mikoa nazo, kabla kitabu hicho hakijapatikana, zinaweza kuanza kwa kuviweka vitabu vya waasisi na vya wahamiaji kwenye rafu moja.

Mwalimu mstaafu wa historia,
Kizota, Dodoma