Mdai Apige Hodi

Malindi, Unguja

Kwa sahibu yangu Kombo,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, barua yako imenifikia juzi kwa mkono wa abiria wa boti ya Pemba, na sote hapa tu wazima. Nimesikitika kusoma kwamba mchezo wenu wa wahusika, ule ambao kila mchezaji huigiza mtu wa kubuni ndani ya hadithi inayoongozwa na mwendeshaji kama wewe, mliokuwa mkiucheza kila Ijumaa usiku kwa miaka mitatu, umeanza kupwaya, kwamba wenzako hurusha dadu kama vibarua wanaongoja king'ora, na kwamba hakuna tena anayekumbuka mhusika wake aliondoka kwao kwa sababu gani.

Unajilaumu kuwa hukutunga visa vya kutosha. Visa unavyo vingi mno, Kombo. Alichokosa kila mhusika ni mdai.

Mimi nililijua hili kwa kuaibika. Kampeni yetu, yaani hadithi yetu ndefu ya kuendelea kikao baada ya kikao, tuliianza katika Unguja ya mwaka 1870, Sayyid Barghash aliposhika utawala, na mhusika wangu alikuwa nahodha wa jahazi aliyeapa kulikomboa shamba la mikarafuu la marehemu baba yake, lililowekwa rehani kwa tajiri mmoja wa mjini. Vikao vya mwanzo nilihangaika kweli na deni hilo. Kisha tukaenda Lamu, tukaenda Maskati, tukapambana na majini ya baharini, na shamba likabaki mstari mmoja wa penseli juu ya karatasi yangu, umefifia kwa kufutwafutwa hesabu za pembeni. Siku mwendeshaji wetu aliponiuliza nahodha anataka nini hasa, nilijibu, "Fedha." Baraza zima lilicheka, maana hata paka wa Forodhani anajua ni samaki yupi anayemvizia.

Kikao kilichofuata alimleta yule tajiri mwenyewe gatini, mzee mpole mwenye bakora na kikohozi, ambaye hakudai hata pesa moja. Alimuuliza nahodha kama ana habari kuwa dada yake amekwenda kuomba muhula, kisha akatoa mfukoni kidani ambacho dada huyo alikiacha kwake. Tangu hapo sikuhitaji kuitazama karatasi. Kila tulipotia nanga, jicho langu lilikuwa gatini kumtafuta mzee.

Ndipo ulipofika mwaka 1872 na kimbunga chake, ambacho, kama ujuavyo, kiliing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya kwenu Pemba ikiwa imesimama. Mwendeshaji hakulinusuru shamba langu, nami namshukuru kwa hilo. Shamba likawa uwanja wa magogo na deni likabaki palepale, ikabidi nahodha aamue kama atalipa kwa ajili ya jina la baba yake tu, au amchukue dada yake wavuke wakaanze upya Pemba, huku mzee wa watu akiachwa na karatasi ya rehani isiyo na thamani. Tulibishana vikao viwili, na hatukurusha dadu hata mara moja.

Lengo likitimia nalo huleta ububu. Mwenzetu mmoja mhusika wake alimpata mama aliyekuwa akimtafuta tangu mwanzo, halafu akakaa mwezi mzima hana la kusema. Kilichomwamsha ni swali la mama huyo: soko la watumwa la Mkunazini limefungwa mwaka huu wa 1873, lakini aliouzwa pamoja nao wangali mashambani, je, nao nani atawatafuta?

Kwa hiyo usitunge joka jingine. Kabla ya Ijumaa mchukue kila mchezaji faragha umuulize ni nani atakayeumia mhusika wake akiamua kurudi kwao leo, na akikosa jibu, mpatie mtu. Andika majina hayo, kisha katika kila vikao viwili au vitatu mmoja wao apige hodi. Usiwaite wote usiku mmoja. Mimi nilijaribu, na mchezo ukageuka mahakama ya kadhi. Ama yule mchawi wa shemeji yako, anayetaka kulipiza kisasi kwa mfalme ambaye hajapata kuonekana hata kivuli, mfalme yuko mbali mno. Mpelekee mtoza kodi wake, tena awe mtu wa kijiji kimoja na mchawi, waliosoma chuo pamoja.

Niandikie Ijumaa ikishapita unieleze ni nani aliyepiga hodi kwanza. Nisalimie wote nyumbani.

Wako,
Mwinyi