Mlangamia juu ya ua: kuutoa ni hivi, kuunywa subiri kwanza

Zile nyuzi za manjano zilizotanda juu ya ua wa duranta, kichaka kinachopandwa kuwa uzio, kama tambi zilizomwagika ni mlangamia. Hauna majani wala mizizi ardhini. Mbegu ikiota, kiuzi chake kina siku chache tu za kupata mmea wa kushika. Kikiupata, huuzunguka, huchomeka vinyonyeo kwenye gome, kisha shina la chini hukauka. Tangu hapo maji na sukari vyote hunyonywa kutoka kwa duranta.

Ndiyo maana kupunguza ua kwa makasi, kama tulivyozoea hapa Kampala, huuzidisha mlangamia. Kipande cha urefu wa kidole kikiangukia tawi bichi hushika upya. Kuvuta nyuzi kwa mkono nako hakusaidii, maana vinyonyeo hubaki ndani na kuchipua. Sisi tunaoitwa kuuondoa hutandika turubai, hukata tawi zima sentimita 30 chini ya nyuzi zinapoishia, hufunga taka kwenye kavera (mfuko wa plastiki) na kuzichoma siku hiyo hiyo. Mbuzi wasipewe: mbegu hupita tumboni zikiwa hai. Baada ya hapo tunarudi kila wiki mbili kwa miezi mitatu. Mlangamia uliokwisha kuangusha mbegu ni habari nyingine, kwa sababu udongo huzitunza kwa zaidi ya miaka 10. Hapo hatuahidi kuumaliza kwa safari moja, na anayeahidi hivyo mwogope.

Wapo wateja wanaotuomba tuwaachie rundo la kuchemsha. Ni kweli ni dawa ya kale: Uchina hutumia mbegu kavu za jamaa zake kwa figo na kiuno, gramu 6 hadi 12 kwa siku, India hutumia shina kwa ugonjwa wa manjano (macho na ngozi kuwa njano) na nywele zinazokatika. Ila huko aina hujulikana na kipimo hujulikana. Mlangamia hunyonya pia sumu ya mmea unaoushikilia: ulioshika oleanda, kichaka cha mapambo chenye sumu, hubeba sumu yake ya moyo. Duranta yenyewe ina sumu, na ua wa kando ya barabara huenda ulipuliziwa dawa ya wadudu juzi. Rundo hatuachi.

Ukituita, tutumie picha mbili: uzi unapogusa tawi, na maua meupe kama yameshatokea. Hiyo ya pili ndiyo inayopanga bei, maana maua ndiyo huleta mbegu.